Droo Chini ya Meza ya Seremala Hazina Kosa

Droo chini ya meza ya seremala zimeshutumiwa kwamba hudhoofisha meza, hukusanya vumbi na huzuia kubana mbao. Shutuma ya kwanza ni kinyume kabisa cha ukweli. Anayepiga randa huisukuma meza kwa urefu wake, na meza nyepesi huteleza sakafuni. Sanduku la droo lililojaa patasi, nyundo na randa za chuma huongeza uzito pale hasa unapotakiwa, yaani chini. Likipigwa mgongo wa plaiwudi na kukazwa kwa skrubu kwenye miguu, huizuia pia meza isiyumbe. Washaker wa Marekani, jumuiya ya kidini isiyopenda mapambo wala anasa, walitengeneza katika karne ya 19 meza kubwa za kazi zilizojaa droo chini.

Kuhusu kubana, lawama ina ukweli kiasi. Droo zinazogusana na ubao wa juu huziba matundu ya vyuma vya kubania na kuinyima klampu mahali pa kushika. Lakini kosa hilo ni la fundi: nafasi ya sentimita 20 hivi kati ya ubao na sanduku hutosha, mradi jiliwa nalo lisizibwe.

Vumbi lipo. Hudondoka kupitia matundu ya meza, hivyo sanduku huhitaji kifuniko chake. Reli za mbao zilizopakwa nta huvumilia vumbi kuliko za chuma zenye gololi, ambazo grisi yake huganda kwa vumbi. Kama washutumu wangetaja vishikio vinavyochomoza na kugonga magoti, wangekuwa na hoja.