Kalamu Kabla ya Chombo

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Pate ipo bandari ya Mtangawanda, ambako wasafiri watokao Lamu hushuka ili waendelee Siyu, Faza na kwingineko kisiwani. Kwa miaka mingi mwenyeji wa hapo hakupanga safari kwa saa ya ukutani bali kwa maji. Zamani manahodha wa njia hiyo walizoea kungoja maji yajae ndipo waupite mlango wa Mkanda, ulio baina ya Manda na bara. Na kujaa kwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Chombo kilichoondoka leo saa moja asubuhi, baada ya siku nne huenda kikaondoka saa nne na zaidi.

Hapo ndipo penye taabu ya mtu atakaye kuandika kila siku. Akisema ataandika saa moja asubuhi, juma la kwanza atafaulu. Juma jingine saa hiyo itamkuta pwani na mzigo kichwani. Akisema ataandika jioni, ni vibaya zaidi. Mathalan mwenye minazi aliyepeleka nazi Lamu hurudi amechoka, huiacha hesabu hata kesho, na kesho ina mambo yake. Mwisho wa mwezi hajui kama alilipwa fedha za nazi 300 au 400. Na ikiwa shamba hilo ni urithi wa ndugu watatu, nazi 100 zisizo na maelezo zatosha kuvunja udugu. Wamegombana watu kwa chini ya hapo.

Lakini alfajiri haifuati maji. Pate iko karibu na Ikweta, kama digrii 2 kusini yake, kwa hiyo wakati wa kucha haubadiliki mwaka mzima ila kwa kadiri ya nusu saa. Tena watu huamka kusali, chombo kiwepo kisiwepo. Basi anayeandika mara tu amalizapo sala, kabla ya jembe na hata kabla ya chai, amepata wakati usiohama. Nusu saa yatosha. Taa, daftari na kalamu viwekwe pamoja tangu usiku, maana atafutaye kalamu gizani huamsha watoto, na watoto wakiamka hakuna tena kuandika. Siku ambayo chombo chaondoka alfajiri yenyewe, aandike mistari mitatu tu: tarehe, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka.

Karani naye anaweza kumtazama Anthony Trollope, Mwingereza aliyeingia kazi ya posta mjini London mwaka 1834 akiwa karani mdogo. Hakuiacha kazi hiyo hata mwaka 1867, na katika maisha yake aliandika hadithi ndefu 47. Saa kumi na moja u nusu alfajiri alikuwa mezani, na saa mbili u nusu kazi ya kalamu ilikuwa imekwisha. Mtumishi mmoja mzee alipewa pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Trollope mwenyewe alikiri kuwa huenda alikuwa na deni kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Aliweka saa mbele yake akajidai maneno 250 kwa kila robo saa. Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1883, baada ya kufa kwake, wako waliomdharau kwa kuhesabu maneno kama fundi ahesabuvyo misumari. Dharau hiyo haikuwa ya haki, kwani fundi asiyehesabu misumari huacha mlango bila bawaba.

Desturi yake inayowafaa zaidi watu wa Mtangawanda ni nyingine: nusu saa ya kwanza hakuandika neno, alisoma aliyoyaandika jana. Mwenye minazi akifanya hivyo ataona palipoandikwa kwamba nazi 100 zilibaki dukani Lamu bila kulipwa, na wakati huo chombo hakijang'oa nanga.