Kuzuru London Bila Kujitia Deni



Nyumba nyingi za pwani yetu, toka Lamu hadi Vanga, zina mwana au ndugu aliyehamia London. Kila ufikapo msimu wa joto wa kule, huja mwaliko: njooni mtutazame. Tiketi hununuliwa kwa tabu, viza nayo ina ada isiyorudi hata ukinyimwa, na hapo safari yenyewe haijaanza. Ndipo mama afunguapo kisanduku akakitazama kidani chake mara mbili, akiwaza: watoto watafika mji ule, warudi hawana walichokiona?

Twasema kidani na kirudi kisandukuni. Safari ya kuunga jamaa ni ibada, na haifai ibada iishie kwa deni la kulipwa miaka miwili kwa sababu ya gurudumu la kando ya mto na nyumba ya sanamu za nta. Vitu hivyo vina kiingilio kikubwa. Vilivyo bora kuliko hivyo havina.

Makumbusho makuu ya taifa ya Uingereza hayatozi mtu kuingia. British Museum ilianzishwa kwa sheria ya bunge ya 1753, ikafunguliwa 1759, na kuingia ni bure. Mengine yalikuwa yakitoza, hadi Desemba 2001 yalipoondoa ada. Sanduku lililowekwa mlangoni ni la hiari. Mwenye nacho atie, asiye nacho apite bila kuinamisha kichwa. Jihadharini na mambo mawili tu: maonyesho maalumu ya muda hulipiwa, na yafaa kuweka nafasi ya bure mapema kwenye intaneti ili msisimame foleni ndefu na watoto.

Siku ya Ijumaa twashauri ipangwe hivi. Swalini msikiti mkuu ulio kando ya Regent's Park, wenye kuba la rangi ya dhahabu, uliokamilika katika miaka ya 1970. Baada ya swala pumzikeni bustanini, kisha mwende British Museum, ambayo Ijumaa huchelewa kufungwa. Humo mtaliona Jiwe la Rosetta, lililotoka mji wa Rashid, Misri. Limechongwa kwa maandishi ya namna tatu, na kwalo wanavyuoni walipata ufunguo wa kusoma maandishi ya enzi za Mafirauni mnamo 1822. Mna pia kumbi za ulimwengu wa Kiislamu, zilizofunguliwa upya 2018.

Lakini hapo mzazi asinyamaze. Awaeleze wanawe kuwa si kila kilichomo kilinunuliwa au kutolewa kwa ridhaa. Ngadji, ngoma tukufu ya ndugu zetu Wapokomo wa Mto Tana, ilinyakuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 imo katika mali ya makumbusho hayo. Wala msiitafute ukumbini, kwani imewekwa ghalani. Mtoto wa pwani akilijua hilo, atatembea mle macho yakiwa wazi, na huenda siku moja akawa miongoni mwa wanaoidai irudi kwao.

Siku nyingine nendeni South Kensington, ambako makumbusho matatu yamekaribiana. La viumbe lina mifupa ya nyangumi wa mita 25 iliyoning'inizwa darini. La sayansi litawashika wavulana na wasichana hata mchana uwapite. La tatu, Victoria and Albert, lina zulia la Ardabil kutoka Uajemi, lenye tarehe ya mwaka 946 Hijria na urefu wa zaidi ya mita 10. Taa zake hazimulikwi kutwa, ili rangi zisipauke. Anayejua kazi ya kusuka mkeka wa ukili atasimama hapo kwa heshima.

Watoto wadogo wana makumbusho yao Bethnal Green, yaitwayo Young V&A, nayo ni bure. Greenwich kuna kilima chenye mandhari ya mji mzima, na chini yake makumbusho ya bahari yasiyo na kiingilio. Kutembea kando ya mto Thames, toka Westminster hadi Tower Bridge, na kulivuka daraja lenyewe kwa miguu, hakuna anayewadai senti.

Kuhusu usafiri, basi ni rahisi kuliko treni ya chini ya ardhi. Nauli yake ni moja, uende karibu au mbali, na ndani ya saa moja mwaweza kubadili basi bila kulipa tena. Watoto walio chini ya miaka 11 hupanda bure wakiwa na mkubwa. Fedha taslimu hazipokewi, basi tayarisheni kadi. Chakula kibebeni kutoka nyumbani: mkate wa mayai, chupa ya chai, na chupa za maji, kwani maji ya mfereji kule hunywewa.

Limebaki la mwenyeji. Huyo mwana au mkwe mnayemfikia huenda anafanya kazi ya usiku, na kodi ya nyumba yamla nusu ya mshahara. Dini yetu imempa mgeni haki ya siku tatu, ikamkataza kukaa hadi amtie mwenyeji dhiki. Wahenga nao walimpa siku mbili, ya tatu jembe. Jembe la London ni kuosha vyombo, kupika siku ambayo mwenyeji yuko kazini, kuzima taa, na kutotaja mbele yake mahali ambapo atalazimika kuwalipia. Mama akitamka tu, "Laiti tungeliona lile gurudumu," mwana mwema atakopa. Basi asitamke.

Mwenye la kuongeza na atuandikie.

Wabillahi taufiq.