Mwalimu wa Nabugoye na Masomo ya Ng'ambo

Katika nyumba nyingi za kambi za jeshi na za polisi hapa Kampala, neno "kozi" si geni. Baba huondoka kwa miezi sita au mwaka, mama hubaki na watoto na madai ya karo, na siku ya kurejea kwake majirani huja kulitazama sanduku kabla ya kumtazama mtu. Lisilotazamwa sana ni lile alilolibeba kichwani, na iwapo nyumbani patakuwa na mahali pa kuliweka. Kwa sababu hiyo habari ya walimu wa Abayudaya wa Mbale yastahili nafasi katika ukurasa huu.

Abayudaya, maana yake watu wa Yuda, ni Wayahudi wa Uganda, na aliyewaanzisha alikuwa askari. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alikuwa miongoni mwa walioongoza majeshi yaliyowakamata Kabalega na Mwanga mwaka 1899. Aliitiisha sehemu kubwa ya Mashariki kwa ajili ya Waingereza, kisha akaona kwamba ujira wake haukulingana na jasho lake, jambo ambalo askari wengi watalielewa bila maelezo. Akajitenga nao, akajiunga na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919, kwa kuisoma Biblia mwenyewe, alitahiriwa pamoja na wanawe na kujitangaza Myahudi. Kitabu alikuwa nacho. Mwalimu hakuwa naye. Mwaka uliofuata alipita Myahudi mgeni aliyeitwa Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda ya sikukuu na desturi za kuchinja. Mafunzo hayo machache yaliwatosha kwa miaka mingi baada ya Kakungulu kufariki mwaka 1928.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa mwanafunzi Makerere, aliwatembelea, na habari zao zikaanza kufika mbali. Lakini mwaka 1972 Idi Amin alivunja uhusiano na Israel, nchi ambayo miaka michache tu kabla ya hapo ilikuwa ikiwafundisha askari wa Uganda. Ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Wengi walihamia dini nyingine, na waliosalia wakasali kwa siri hadi utawala ule ulipoanguka mwaka 1979. Katika miaka ya 1980 walioifufua jamii hiyo hawakuwa wazee, bali vijana, miongoni mwao J. J. Keki na nduguye Gershom Sizomu.

Mwaka 2003 Sizomu alipata ufadhili wa kusomea urabi katika shule ya Ziegler, Los Angeles. Hakwenda peke yake. Mkewe na watoto walihamia naye. Wako watakaosema kwamba huo ni mzigo kwa mfadhili. Hata hivyo, mtoto aliyeachwa kwa shangazi miaka mitano hulipa gharama ambayo haiandikwi katika hesabu ya mfadhili yeyote. Hofu kubwa zaidi ilikuwa kule kijijini: jamii ndogo ilikuwa imemtoa kiongozi wake kijana ampeleke moyo wake California, ambako mshahara wa mwezi mmoja waweza kujenga nyumba Mbale. Mwaka 2008 alitawazwa, akarejea Nabugoye, akaanza kuwafundisha wengine. Mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu, walimchagua kuwa mbunge.

Yako mambo mengi yanayobebwa na wanaotoka katika masomo ya aina hiyo, lakini kwa mtu wa kazi ya ualimu moja lapita yote, nalo ni namna ya kusoma wawili wawili, iitwayo havruta. Wanafunzi wawili hukaa mbele ya kitabu kimoja. Mmoja husoma kwa sauti, mwenziwe humuuliza maana, wakabishana, wakarudia mstari uleule. Kimya si adabu hapo, na anayekubali upesi huhesabiwa kuwa hakumsaidia mwenzake. Tofauti na darasa letu ni kubwa, maana huku mwalimu hutamka na watoto huitikia kwa pamoja, na mtoto aulizaye "kwa nini" huonekana mtovu wa heshima. Njia hii haidai vifaa vya gharama. Kitabu kimoja chatosha watoto wawili, na huo ndio upungufu ambao shule zetu zinao tayari! Hata mezani nyumbani yaweza kujaribiwa, mkubwa na mdogo, kwa kitabu cha shule. Kelele itakuwepo.

Shule ya msingi ya Hadassah, iliyoanzishwa na Abayudaya, hupokea pia watoto wa Kikristo na wa Kiislamu. Na mjini Mbale, mwaka 2010, kilifunguliwa kituo cha afya cha Tobin kwa juhudi za jamii hiyohiyo na wafadhili wake, kwa ajili ya watu wa dini zote. Wamalaki wa zamani wangeshangaa.

Shoshana Nambi, binti wa jamii hiyo, alifuata njia hiyo akasomea urabi katika chuo cha Hebrew Union College, New York. Mwaka 2022 kilitoka kitabu chake cha watoto kuhusu sikukuu ya vibanda kama isherehekewavyo Uganda, kwa hiyo sasa watoto wa Marekani husoma habari za kwetu.

Ng'ambo haifunzi mambo matamu tu. Rabi waliotoka nje walipokuja mwaka 2002 kuwathibitisha rasmi Abayudaya, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 80 tangu Kakungulu kujitangaza. Na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Israel ilikataa ombi la kijana mmoja wao aliyetaka kuhesabiwa Myahudi mwenye haki ya kuhamia huko.

Hapa Kampala pia kuna mtihani, tena wa kweli. Makerere hufundisha na kutahini siku ya Jumamosi, ambayo kwa Myahudi ni Sabato. Wanafunzi Waadventista walilipeleka jambo hilo mahakamani. Walishindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2003, na rufaa yao ikatupwa na Mahakama ya Juu mwaka 2006. Hivyo kijana wa Nabugoye anayetaka cheti cha chuo hicho hulazimika kuitazama ratiba ya mitihani kabla hajalipa ada.