UCHAMBUZI: Historia ya kiwanda cha Thika ni somo kwa Nakuru

MALORI yanayobeba viazi kutoka Molo, ngano kutoka Njoro na maziwa kutoka Olenguruone ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa eneo la kati la Bonde la Ufa. Hata hivyo, faida ya kuyaunda malori hayo kwa miaka mingi imebaki kwingineko.

Viwanda vitatu vya mwanzo vya kuunganisha magari humu nchini vilianzishwa katika muongo wa 1970 mjini Thika, Nairobi na Mombasa. Serikali ilikuwa mwanahisa katika vyote vitatu. Nakuru, licha ya kuwa makutano ya reli na barabara kuu iendayo magharibi mwa nchi na Uganda, ilibaki mnunuzi.

Sasa ambapo Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021 na vijana wake wanatafuta ajira za viwandani, historia ya kiwanda cha Thika yafaa kuchunguzwa kabla ya ahadi nyingine kutolewa.

Kiwanda hicho kilisajiliwa mwaka wa 1974 kwa jina Leyland Kenya, kikiwa ubia kati ya serikali, kampuni ya British Leyland ya Uingereza na wafanyabiashara wa humu nchini. Kazi yake ilikuwa kupokea sehemu za lori au basi zikiwa zimetenganishwa, kuchomelea kabini, kupaka rangi na kuunganisha injini, giaboksi na ekseli juu ya chasisi.

Nia ya serikali haikuwa kuchomelea vyuma tu. Ilitarajiwa kwamba betri, springi, vioo, magurudumu na viti vingetoka katika viwanda vya humu nchini, na kwa njia hiyo ajira moja ya Thika izae nyingine kadhaa nje ya lango la kiwanda.

Lakini mbia mkuu alikuwa na matatizo yake. British Leyland ilinusuriwa na serikali ya Uingereza mwaka wa 1975, na mwaka wa 1987 kitengo chake cha malori kikaunganishwa na DAF ya Uholanzi. Miaka miwili baadaye kiwanda cha Thika kilibadilishwa jina na kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers (KVM). Serikali ilibaki na hisa asilimia 35, huku zilizosalia zikigawanywa kati ya kampuni za CMC na DT Dobie.

Pigo kubwa zaidi lilitoka karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia bandari ya Mombasa. Mnunuzi wa kawaida hakuwa na sababu ya kulipia gari jipya ilhali la mtumba lilipatikana kwa bei nafuu mno. Sheria ya kuzuia magari yaliyozidi umri wa miaka minane ilipunguza kasi hiyo, lakini haikuizima.

Kilichoviokoa viwanda hivi ni malori na mabasi. Mengi ya mabasi na matatu kubwa za Kenya huanza kama chasisi kutoka kiwandani, kisha hupelekwa kwa mafundi wengine wanaoyaundia bodi kulingana na matakwa ya mwenye gari. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwagizaji wa magari madogo ya mtumba.

Hata hivyo, wenye mali wameendelea kubadilika. Mwaka wa 2017 General Motors iliiuzia Isuzu ya Japani hisa zake asilimia 57.7 katika kiwanda cha Nairobi. Mnamo Januari 2025 CMC, iliyokuwa mbia wa muda mrefu wa kiwanda cha Thika, ilitangaza kufunga biashara yake Afrika Mashariki. Wakati huohuo, kampuni ya BasiGo imeanza kuunganisha mabasi ya umeme katika kiwanda hichohicho cha Thika.

Somo la kwanza ni kwamba kiwanda cha magari hakiui wala kuokolewa na ustadi wa mafundi. Maisha yake hutegemea idadi ya oda, na oda hutegemea ushuru na sera zinazodumu. Mwekezaji hawezi kununua mitambo ya miaka 20 kwa kutegemea kanuni inayobadilika kila bajeti inaposomwa.

Nakuru inalifahamu jambo hilo kwa uchungu. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa jijini humo mwaka wa 2014, na kampuni hiyo ikalaumu bidhaa za bei ya chini kutoka nje.

Somo la pili lina pande mbili. Ushuru unaomlinda mfanyakazi wa Thika humpandishia gharama mkulima wa Molo, ambaye hulipa nauli ya kila gunia linalofika sokoni. Kinga isiyo na kikomo humnyonya huyo mkulima. Kutokuwepo kwa kinga humwachisha kazi mwanawe.

Kwa hivyo, huenda Nakuru haihitaji kiwanda cha nne cha kuunganisha chasisi. Nafasi iliyo wazi ni ya bodi za mabasi, matangi ya maziwa, trela za nafaka na vipuri, kazi ambazo zimo karibu na mteja na ambazo mafundi wa jua kali tayari wanazifahamu.

Kikwazo ni viwango. Tangu mwaka wa 2014 kiwango cha KS 372 kinaeleza jinsi bodi ya gari la abiria inavyopaswa kuundwa. Karakana ndogo isiyo na mtaji wala mafunzo haiwezi kukitimiza peke yake.

Hapo ndipo serikali ya kaunti na vyuo vya kiufundi vingeanzia: mikopo, vifaa vya kupimia na ukaguzi wa haki. Bila hayo, malori yataendelea kupita Nakuru yakibeba mazao ya wakulima wake, na kazi ya kuyaunda itaendelea kuwa ya miji mingine.