Soko moja, kalenda tatu za shule

Mchuuzi wa Namuwongo, Kampala, mtaji wake wa kwanza ni muda. Kibanda kikifungwa, siku hiyo hakuna mapato. Ndiyo maana Uganda ilipofunga shule Machi 20, 2020 na masomo kuhamia nyumbani, mzigo ulimwangukia yeye mara mbili.

Serikali ilirusha vipindi redioni na kwenye televisheni, ikasambaza machapisho ya kujisomea. Lakini mtoto wa miaka mitano au sita hajisomei. Huhitaji mtu mzima kando yake. Katika vyumba vilivyobanana kandokando ya reli, mtu huyo ndiye pia aliyetegemewa kuleta chakula. Wauza vyakula waliagizwa hata kulala sokoni ili waendelee na biashara. Ikawa ama kuuza, ama kukaa na mtoto.

Hali hiyo haikuisha upesi. Madarasa ya juu yalirejea kwa awamu, yakafungwa tena Juni 2021. Watoto wa chekechea walisubiri hadi Januari 10, 2022. Tanzania ilikuwa imefungua shule za msingi Juni 29, 2020, na Kenya ikafungua madarasa yote Januari 4, 2021.

Kwa wafanyabiashara wanaogombea wateja wale wale, pengo hilo lilivuka mipaka ya elimu. Mzazi wa Mwanza au Kisumu aliweza kumpeleka mtoto shule na kuwahi sokoni, wakati mwenzake wa Kampala bado aliigawa siku yake vipande viwili.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imemrahisishia mfanyabiashara mdogo utaratibu wa forodha: bidhaa za ukanda huu zisizozidi dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha uasilia. Cheti hicho, hata hivyo, hakimlei mtoto. Novemba 2022 Uganda ilifunga shule wiki mbili kabla ya wakati kwa sababu ya Ebola, ishara kwamba jambo hili linaweza kujirudia.

Nchi wanachama zinahitaji kushauriana kabla ya kufunga na kufungua shule, na masoko ya mipakani yatengewe sehemu ya watoto. Wafanyabiashara nao wana njia iliyo mikononi mwao: vikundi vya akiba vinavyozungusha fedha kwa zamu vinaweza kuzungusha pia malezi, mmoja akabaki na watoto na daftari zao, wengine wakavuka mpaka.