Kabla ya kusema ana jini, tumuulize mtoto

Muhula ukifungwa, ripoti za shule huja nyumbani na habari zile zile: mtoto ameshuka masomoni, anasinzia darasani, amekuwa mkaidi, hachezi tena na wenzake. Hukumu hutolewa siku hiyo hiyo. Baba husema ni uvivu. Shangazi husema ana jini. Jirani husema ni muguka. Mwalimu ameshaandika "mtukutu". Ukiwakusanya wote wanne, huenda usimpate hata mmoja aliyemuuliza mtoto mwenyewe analala vipi, anaogopa nini, na mambo haya yalianza lini.

Swali hilo lisiloulizwa ndilo ninalotaka kulijadili leo, kwa kuwa takwimu za nchi tunazo na hazitupi nafasi ya kulipuuza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana, uliofanywa na kituo cha APHRC pamoja na vyuo vikuu vya Queensland na Johns Hopkins na kutolewa mwaka 2022, uliangalia vijana wa miaka 10 hadi 17. Asilimia 44.3 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Asilimia 12.2 walifikia kiwango ambacho daktari hukiita ugonjwa. Katika darasa la wanafunzi 40, hao ni kama 18 wanaosumbuka na kama watano wanaougua. Waliopata huduma yoyote ya ushauri au msaada walikuwa asilimia 11.1 tu.

Mbona pengo ni kubwa hivyo? Jibu tunalolizoea ni kwamba hospitali ni chache, na si uongo. Mtu wa Mombasa akisikia ugonjwa wa akili, fikira zake huenda moja kwa moja Port Reitz. Lakini naona tunakwama mapema zaidi ya hapo. Mtoto hafiki hospitalini kwa sababu hakuna aliyemtambua, na hatambuliwi kwa sababu tunadhani kupima akili ni kazi ya daktari bingwa peke yake.

Hatua ya kwanza ya kupima ni maswali. Hojaji moja inayotumika sana duniani, SDQ, ina sentensi 25 tu. Mzazi anaweza kuijaza, mwalimu anaweza, na kijana wa miaka 11 na kuendelea hujijazia mwenyewe. Inauliza kuhusu hofu na huzuni, tabia, utulivu, marafiki, na pia mazuri ya mtoto, kama vile kuwasaidia wengine. Nyingine, PHQ-9, ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukata tamaa. Majibu hayo hayampi mtoto jina la ugonjwa. Yanatuonyesha nani anahitaji kuangaliwa zaidi, kama vile kipimajoto kinavyoonyesha homa bila kusema ni malaria.

Lakini swali lina kazi pale tu linapoeleweka. Huku kwetu mtoto hasemi "nina mfadhaiko". Atasema moyo mzito, sina raha, roho yanipaa, mawazo yamenizidi. Wengine watasema tumbo lauma kila asubuhi ya shule. Zimbabwe walilijua hili zamani. Hojaji yao ilijengwa kwa maneno ya Kishona, na neno lao la kuwaza kupita kiasi, kufungisisa, ndilo lililofungua mazungumzo kati ya wagonjwa na bibi wanaowashauri kwenye mabenchi ya zahanati tangu 2006. Hapa Pwani, watafiti wa Kilifi wamefanya kazi ya miaka mingi kutengeneza vipimo vya ukuaji wa watoto na vya hali ya akili kwa Kiswahili na Kigiriama. Kazi hiyo isibaki kwenye makabati ya watafiti. Ifike zahanati ya Ganze na shule ya Likoni.

Najua wapo watakaoniuliza: na jini je? Siwaambii watu waache kisomo wala kombe. Dua ni tegemeo letu, na mtoto aliyesomewa na babu yake anajua anapendwa. Ninachosema ni kwamba dua na zahanati hazigombani. Mtoto anayeanguka na kutoa povu huenda ana kifafa, na kifafa kina vidonge. Anayepiga kelele usiku huenda kuna mtu anamdhuru, na kisomo hakitamtaja mtu huyo asipoulizwa mtoto. Anayeitwa mkaidi huenda hasikii vizuri, au hajala tangu jana. Kumpima kwanza ni kuondoa haya moja baada ya jingine.

Liko swali moja ambalo wazee wengi huliogopa: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujidhuru?" Hofu ni kwamba tutamtia wazo. Tafiti zinaonyesha kuuliza kwa upole hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna aliyeuona mzigo wake. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wala familia isifiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba.

Hata hivyo, kupima bila pa kumpeleka mtoto ni kumuumiza mara mbili. Hapa ndipo serikali zetu zinaporushiana mpira. Afya ni ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Walimu ni wa serikali kuu. Mwalimu wa ushauri nasaha akimwona mtoto anazama, hana muuguzi anayemjua wa kumpigia. Muuguzi naye hana sababu ya kuingia shuleni. Mtoto yuko katikati, na katikati hakuna bajeti.

Msaada wenyewe si lazima uwe ghali. Mpango wa Shamiri hapa Kenya uliwatumia vijana waliomaliza shule ya upili, wakapewa mafunzo mafupi, wakaongoza vikao vinne vya saa moja na wanafunzi kuhusu kukua, shukrani na maadili yao. Katika jaribio lililochapishwa 2021, lililowahusisha wanafunzi 413, dalili za mfadhaiko na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliohudhuria kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Vijana waliomaliza kidato cha nne tunao, tena wengi wanakaa maskani bila kazi.

Basi naomba jambo dogo linalowezekana. Kila zahanati imteue muuguzi mmoja aliyefunzwa, ajulikane kwa jina katika shule na madrasa za karibu, na afike huko walau siku moja kwa mwezi. Mwalimu, ustadhi na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wafundishwe maswali yale machache, na wafundishwe pia kufunga mdomo, maana siri ya mtoto ikifika barazani, hakuna mwingine atakayesema. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022 na kuzipa kaunti majukumu yake. Tunapoitwa kwenye vikao vya maoni ya bajeti, tusiulize barabara na visima tu. Tuulize pia: fungu la afya ya akili ya watoto ni shilingi ngapi, na liko ukurasa gani?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Jioni ya leo hatuhitaji bajeti kuuliza: "Mwanangu, siku hizi usingizi waja?" Kisha tunyamaze, tumsikilize.