TUZO ZA GEMU: TRELA INAPEWA DAKIKA, MSHINDI ANAPEWA SEKUNDE!

Kila Desemba stori ni ileile. Vijana wa Dar, Nairobi na Mombasa wanatega alamu saa kumi alfajiri, wanajaza bando, wanajifunika shuka na simu mkononi kusubiri The Game Awards laivu kutoka Los Angeles. Kule ni saa kumi na moja jioni, mastaa ndiyo kwanza wanaingia ukumbini. Huku hata mwadhini bado hajaamka.

Asubuhi kazini waulize nani kabeba tuzo ya muziki bora. Kimya. Waulize trela gani zimetoka, watakutajia zote kwa mpangilio, na ipi ilifuata ipi. Na hiyo ni sherehe inayoitwa ya TUZO. Tangu 2014 inajinadi kuwa ni usiku wa kuwaheshimu watu wanaotengeneza gemu, na wadau wenyewe wameipachika jina la Oscar ya gemu. Sawa. Basi ipimwe kama Oscar.

Usiku ulioiumbua shoo hii ni wa tarehe 7 Desemba 2023. Mwaka ule ulikuwa na gemu kali kupita maelezo, lakini pia ulikuwa mwaka wa kilio. Kwa makadirio yaliyozunguka wakati ule, zaidi ya watu 10,000 wa tasnia ya gemu walipigwa chini ndani ya mwaka mmoja. Wachoraji, waandishi, waandika programu, watu wa sauti. Mwenyeji wa sherehe alisimama mbele ya dunia kwa saa tatu na ushee, akacheka, akatania, akakaribisha wageni. Suala la ajira hakuligusa.

Sasa sikia vituko viwili vya usiku huohuo mmoja.

Cha kwanza. Akapanda steji mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyempa sauti Bayek wa Assassin's Creed Origins. Safari hii hakuja kama mwigizaji, alikuja kama bosi wa studio yake mwenyewe, kutambulisha gemu inayoitwa Tales of Kenzera: ZAU. Gemu imezaliwa na msiba. Baba yake alifariki, na kijana akachukua uchungu ule akautengenezea dunia nzima yenye ngano za Kibantu, ambamo mganga kijana anaingia makubaliano na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe Baba yake. Akaongea kwa hisia, akaongea mpaka akamaliza, na trela ikaonyeshwa. Ukumbi ukatulia kumsikiliza. Ilikuwa moja ya nyakati safi kabisa za usiku ule, na kwa mtu wa Afrika Mashariki kulisikia neno Baba kwenye jukwaa lile ilikuwa raha ya aina yake.

Cha pili. Mwisho wa shoo, huku kwetu jua limeshatoka, tuzo kubwa ya Gemu ya Mwaka ikaenda kwa Baldur's Gate 3. Bosi wa studio hiyo ya Ubelgiji akapanda amevaa vazi la chuma kama shujaa wa zamani, watu wakacheka. Akaanza kushukuru. Akafika sehemu ya kuwataja wenzao waliofariki wakati gemu inatengenezwa, akiwemo mchora katuni mmoja kiongozi aliyefariki muda mfupi tu kabla ya sherehe. Muziki ukaanza kupigwa. Kwenye skrini ya kuwaongoza wasemaji kukawaka maandishi ya kumtaka afunge. Yaani mtu anataja marehemu, anapigiwa muziki wa kumshusha jukwaani. Yaliyobaki ilibidi aende kuyaandika mtandaoni baadaye, kama mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema neno msibani akaishia kutuma meseji kwenye grupu la ukoo.

Misiba miwili, steji moja, usiku mmoja. Uliokuja na trela ulisikilizwa. Uliokuja na tuzo ulifukuzwa.

Na hapa wasije watu kumrushia mawe yule kijana wa ZAU. Yeye hana kosa hata kidogo, alitumia nafasi aliyopewa na aliitumia vizuri. Swali ni kwa waliopanga ratiba. Usiku huohuo gwiji mmoja wa Kijapani na mwongozaji mmoja wa filamu za kutisha wa Marekani walikaa jukwaani dakika kadhaa wakipiga stori kuhusu gemu ambayo hata haijatoka. Dakika kadhaa! Wakati huo tuzo nyingine zilikuwa zinasomwa kwa mkupuo, jina, jina, jina, utadhani mwalimu anaita mahudhurio, na washindi wake hata hawakuitwa mbele. Kuna mtu alikesha miaka minne akitengeneza mlio wa mvua na sauti ya nyayo kwenye mchanga, mwisho wa siku anasomwa kwa kasi ya bei za nyanya sokoni.

Kuna waliojitetea kwamba mwaka uliotangulia, 2022, mwigizaji aliyempa sauti Kratos wa God of War alichukua karibu dakika nane kushukuru, ndiyo maana sheria ikakazwa. Ni kweli alichukua hizo dakika. Tena mwaka uliofuata alirudi kutangaza tuzo akatania kwamba hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko kampeni ya Call of Duty ya mwaka huo, ukumbi ukavunjika mbavu. Lakini waza kidogo. Nani leo anakumbuka matangazo yaliyopigwa usiku ule wa 2022? Kinachokumbukwa ni mzee yule mwenye mwili wa mbuyu akishukuru kwa machozi. Hotuba ile ilikuwa kiki ya bure kwa shoo, wao wakaiona tatizo.

Tatizo kwa nini? Mkwanja, hakuna kingine.

Mwenyeji wa sherehe hii ana tamasha lake lingine la kiangazi, Summer Game Fest. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba ukitaka trela yako ionyeshwe kule, dakika moja ni dola 250,000. Robo milioni ya dola. Piga hesabu ya kitaa: kwa bei hiyo nusu dakika ni dola 125,000. Kwa mtu mwenye biashara ya namna hiyo, mshindi anayesimama kumshukuru mama yake na wenzake wa idara ya taa anakalia kiwanja cha watu. Muda wake haulipiwi, kwa hiyo unakatwa.

Komenti zinazokuja hapa zinajulikana kabla hazijaandikwa. "Bila trela nani angeangalia?" "Nyie mnataka hotuba, sisi tunataka GTA." Poa. Hoja hiyo ina ukweli, trela zinaleta watu, na pesa za trela ndizo zinazolipa ukumbi na kufanya shoo iwe bure kwenye simu yako. Hakuna anayedai zifutwe. Lakini waandaaji wenyewe walitangaza kwamba matangazo ya 2023 yalitazamwa laivu mara milioni 118. Mtu mwenye watazamaji wa kiasi hicho anashindwaje kumpa mshindi wa tuzo kubwa kuliko zote dakika tatu? Nani angezima simu? Mtu aliyekaa macho tangu saa kumi alfajiri hawezi kulala kwa sababu ya dakika tatu.

Halafu kuna hili la majaji. Kura za jopo, ambalo limejaa vyombo vya habari vya gemu kutoka nchi mbalimbali, ni asilimia 90. Mashabiki wanabaki na asilimia 10. Na jopo hilohilo mwaka 2023 liliweka Dave the Diver kwenye kundi la gemu huru, wakati walioitengeneza wako chini ya kampuni kubwa ya Korea Kusini, Nexon. Ni kama kumpeleka mtoto wa bosi wa kiwanda kwenye mashindano ya wajasiriamali wadogo kwa sababu kavaa kandambili. Gemu ni tamu, hilo halina ubishi. Lakini huru kutoka kwa nani?

Wapo watakaosema basi tuzo za heshima ni za BAFTA, zile za Uingereza. Kuna ukweli. Tuzo za gemu za BAFTA zina usiku wake peke yake tangu 2004, wanaochagua ni watu wa kazi yenyewe, trela hazitawali ukumbi, na mshindi anapokea kile kinyago cha shaba akaongea kama binadamu. Kwa heshima ya jukwaani, London wanawafunika Los Angeles mbali sana.

Ila hata kinyago cha shaba hakilipi kodi ya nyumba. Angalia Hi-Fi Rush. Desemba 2023 ilibeba tuzo ya usanifu wa sauti kule Los Angeles. Aprili 2024 ikabeba ya uhuishaji kule BAFTA. Tarehe 7 Mei 2024, haujaisha hata mwezi, Microsoft ikatangaza kuifunga studio iliyoitengeneza, Tango Gameworks ya Tokyo. Bahati nzuri Agosti mwaka huo kampuni ya Korea, Krafton, ikajitokeza kuichukua. Bila hivyo tuzo ingebaki kabatini na ofisi haipo.

Na sasa turudi kwa ZAU, kwa sababu hii inatuhusu. Ilitoka Aprili 2024, na kati ya lugha ulizoweza kuchagua wahusika waongee mojawapo ni Kiswahili. Sio maandishi ya chini ya skrini, ni sauti kabisa. Gemu ya kimataifa, kwenye PlayStation, Xbox, Nintendo Switch na kompyuta, inaongea lugha ya bibi yako. Julai 2024 studio ikaanza kupunguza watu. Oktoba mwaka huohuo ikatangaza kwamba timu nzima ya gemu imepewa notisi ya kupunguzwa kazi, kwa kuwa pesa ya kutengeneza gemu inayofuata haijapatikana. Desemba jina la ZAU likawa kwenye orodha ya wanaowania tuzo The Game Awards, kundi la gemu zenye ujumbe kwa jamii. Haikushinda, ikashinda Neva. Tarehe 8 Aprili 2025, BAFTA wakaipa tuzo ya gemu inayovuka burudani.

Soma tena mpangilio huo. Notisi ya kazi kwanza, heshima baadaye. Miezi sita katikati.

Studio yenyewe haikufa, 2025 ilitoa gemu nyingine, Dead Take, ya kutisha na ndogo zaidi. Bosi wake ni mpambanaji. Lakini waliochora ile miti, waliopanga zile ngoma, waliokaa na maneno ya Kiswahili mpaka yakakaa sawa mdomoni mwa wahusika, wangapi kati yao walikuwa bado na meza ofisini siku kinyago kinapokelewa?

Haki isemwe, 2024 shoo ya Los Angeles ilijirekebisha kidogo. Baada ya kelele za mwaka uliotangulia mwenyeji alikiri mwenyewe mtandaoni kwamba muziki ulipigwa haraka mno. Safari hii washindi walipumua. Yule bosi wa Ubelgiji alirudi kutangaza Gemu ya Mwaka, akawapasulia mabosi wenzake laivu: wanaowaona watengenezaji kama namba kwenye karatasi za hesabu hawatatengeneza gemu ya maana. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kichekesho ni kwamba makofi mengine yalitoka kwenye viti vya mbele, viti vya haohao waliokuwa wakisemwa.

Ikazinduliwa pia tuzo mpya, ikaenda kwa jamaa mmoja ambaye kwa muda wake wa ziada amesaidia maelfu ya watu waliopoteza kazi za gemu kupata nyingine. Jamaa anastahili, na zaidi. Lakini sherehe imefika mahali inatoa tuzo kwa mtu anayeokota waliotupwa, huku waliowatupa wakikaa meza moja na wadhamini na kununua dakika za trela. Hakuna aliyewataja wala kuwaambia wasimame. Wangepewa na wao kundi lao basi: studio bora iliyofungwa baada ya kushinda. Washiriki wangepatikana kila mwaka bila shida.

Madai ni madogo sana. Kila tuzo itolewe steji, jina la mtu lisikike. Dakika tatu kwa mshindi, muziki ukae kimya. Na kila studio inayowania isomewe idadi ya watu iliyowapunguza mwaka huo, pale pale, kabla bahasha haijafunguliwa. Hapo ndipo utajua nani anakuja na suti na nani anabaki nyumbani.

Na nyie wa alamu ya saa kumi, mnaoruka hotuba na kurudi trela inapoanza, waandaaji wanaziona takwimu zenu. ZAU bado inauzwa. Ukiifungua, nenda kwenye mpangilio wa lugha, weka sauti ya Kiswahili, msikilize Zau anavyomwita Baba yake. Ukimaliza usizime haraka, acha majina yapite. Yako mengi, na yanaenda taratibu.